SIMU ISIFE MPAKANI

Kila siku mabasi hupita Magu yakielekea Musoma na Sirari. Ndani yake wamo wananchi waendao Kenya kuuza dagaa, kuwatazama wagonjwa au kuzika ndugu. Wakivuka na kuingia Isebania, baadhi ya simu zao hunyamaza. Nyingine husema, lakini kwa gharama ya kumtia mtu hofu. Huku nyumbani mama hukesha akidhani mwanawe amepatwa na jambo.

Sisi twaona neno hili si dogo. Wazee wetu watakumbuka kwamba hadi mwaka 1977 posta na simu za Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ilijitenga na waya zake. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999, lakini hata baada ya hapo sauti ya msafiri ilitozwa kama mzigo wa kigeni.

Wala hatudai lisilowezekana. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliwaunganisha wateja wake wa nchi hizi tatu, mtu akapokea simu ugenini bila kulipa. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilifuta ada ya kupokea simu baina yao na kupunguza ile ya kupiga. Tanzania haikuwamo katika kundi hilo la kwanza. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo ziliondoa nyongeza za namna hiyo mwaka 2017. Iwapo Mjerumani aliye Ureno aweza kumpigia mama yake kwa bei ya nyumbani, Msukuma wa Magu aliye Kisumu ana kosa gani?

Kwa hiyo twazitaka serikali na makampuni ya simu kulimaliza jambo hili. Bei na itangazwe wazi, kwa Kiswahili, kabla mtu hajavuka. Na mkazi wa Sirari, ambaye simu yake hukamata mnara wa ng'ambo hali ameketi barazani pake, asitozwe kama msafiri.

Lakini msafiri naye ana wajibu. Aulize bei kabla ya kuondoka. Namba za nyumbani azihifadhi zikianza na +255, maana ile sifuri ya mbele haifai ugenini. Azime intaneti asiyoihitaji, kwani hula salio kimyakimya. Namba mbili tatu aziandike katika karatasi, kwa kuwa simu huibwa na betri huisha. Na akishafika, atume neno moja tu: "Nimefika."

Neno hilo ndilo linalomlaza mama usingizi. Jumuiya isiyoweza kulivusha mpakani kwa bei ya mnyonge itakuwa jumuiya ya mikutano, si ya watu.