Kunduchi isisahaulike

Mwananchi anapokwenda mahakamani kupinga uamuzi wa halmashauri juu ya matumizi ya ardhi, hawakosekani maofisa wa kumwita mkorofi na mpinga maendeleo. Sisi hatukubaliani na mawazo hayo, na ushahidi wetu uko katika pwani hii hii, kwenye njia ya kwenda Bagamoyo.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kumwaga taka kando ya makazi yao, wakashinda. Jiji halikufanya haraka kutii. Lilirudi mahakamani kuomba liongezewe muda. Mlango huo ulipofungwa mwaka 1991, malori yakaelekezwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko, zaidi ya 700, nao wakaenda Mahakama Kuu. Mahakama ikaona kwamba eneo lile lilitengwa kwa makazi katika Mpango Mkuu wa Jiji lenyewe. Ikaubatilisha uamuzi, ikakataza umwagaji, na ikaiamuru halmashauri itafute mahali panapofaa. Je, wananchi hao walipinga maendeleo, ama waliidai halmashauri iheshimu ramani yake?

Hata hivyo taka zilihamia Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu. Ushindi wa mtaa mmoja uligeuka kuwa mzigo wa mtaa mwingine, na hilo lilitokana na mipango duni, si kosa la walioshitaki.

Leo njia ya mahakamani imekuwa nyembamba zaidi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2020, mwenye kutaka kuifungulia halmashauri shauri la madai sharti atoe notisi ya siku 90, na shauri lenyewe lifunguliwe Mahakama Kuu. Anayetaka amri za namna ya Kunduchi anapaswa kuomba kibali ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Mvuvi wa Bagamoyo atajuaje siku ya uamuzi ikiwa ameuona kwa mara ya kwanza pale tingatinga lilipofika? Na katika siku 90 nyumba hubomolewa na ukuta hujengwa. Amri ya kusimamisha kazi katika kipindi hicho hupatikana, lakini kwa mwenye wakili.

Ndugu zetu wa Mafia wanaishi chini ya sheria hizo hizo. Wa Unguja na Pemba wana sheria zao, maana ardhi si jambo la Muungano, ila fukwe zinazogombewa zinafanana mno.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe. Tunawaomba wakurugenzi wa halmashauri za pwani wabandike ramani na tarehe ya uamuzi katika ofisi za vijiji na mitaa kabla vigingi havijapigwa, na kazi isianze mpaka muda wa notisi umalizike.