Ukubwa wa gari hausemi litakula mafuta kiasi gani

Kandokando ya Boulevard de Libération mjini Bunia, katika mkoa wa Ituri nchini Kongo, esansi huuzwa kwa chupa na bidoni na vijana wanaoitwa makadhafi. Mafuta mengi ya Ituri huja kwa malori kutoka upande wa Uganda, tena baada ya safari ndefu kutoka bandari ya Mombasa. Barabara ikiharibika au vizuizi vikiongezeka, bei hupanda siku hiyohiyo. Kwa hiyo swali la ulaji wa mafuta ni swali la chakula cha nyumbani. Hata hivyo wanunuzi wengi wa gari la familia huangalia idadi ya viti na rangi, wakiamini kwamba magari yanayolingana kwa umbo yatalingana pia kwa kiu. Hayalingani hata kidogo.

Mfano mzuri ni Toyota Corolla Fielder ya kizazi kilichoanza mwaka 2012. Bodi ni ileile na viti ni vilevile. Toleo la haibridi la mwaka 2013 lilipimwa Japani kwa kilomita 33 kwa lita moja. Toleo la petroli tupu, lenye injini ya ujazo uleule wa cc 1,496, lilipata karibu 20. Injini ya haibridi huchelewa kufunga vali za kuingizia hewa, hivyo hukamua kazi zaidi katika kila tone. Tena mota ya umeme huokota nguvu ambayo breki za kawaida huigeuza kuwa joto na kuitupa.

Namba hizo ni za maabara, na Bunia si maabara. Ukiacha barabara chache zenye lami, mitaa mingi ni udongo na mashimo, na gari hutambaa kwa gia ya kwanza na ya pili. Kwa mwendo huo upepo hauna neno. Uzito na injini ndivyo vinavyoamua. Injini ya lita mbili inayotambaa hutumia sehemu ndogo sana ya nguvu zake. Mlango wake wa hewa unakuwa karibu umefungwa, nayo hupoteza mafuta kwa kuhangaika kuvuta hewa na kuzungusha vyuma vizito bila kazi ya maana. Gari la magurudumu manne yanayovuta huongeza shafti, difu na uzito wake. Msimu wa mvua mwenye gari hilo hucheka, lakini miezi mingine hulipia kicheko hicho.

Kuhusu uzito, barabara ya Kasenyi, inayoteremka kutoka Bunia hadi Ziwa Albert, inatosha kuwa ushahidi. Bunia iko kwenye mwinuko wa mita 1,275 hivi, Ziwa Albert kwenye mita 620 hivi. Ikiwa injini inageuza robo ya nishati ya petroli kuwa kazi, basi kulipandisha gari la kilo 1,200 kutoka ziwani hadi mjini kunadai karibu lita nzima, kabla ya kuhesabu msuguano wa matairi. Gari la kilo 1,500 linataka robo lita zaidi kwa mlima uleule. Haibridi nayo isisifiwe kupita kiasi hapo: wakati wa kuteremka, betri yake ndogo inaweza kujaa kabla mteremko haujaisha, na nishati inayobaki inapotea kwenye breki kama kwa wengine.

Kisha kuna garaji. Makanika wengi wa Afrika Mashariki na Kongo wakiona injini inachemka huondoa temostati na kuitupa. Kweli injini inapoa, lakini sasa inakawia kupata joto lake, na kompyuta ya gari, ikidhani bado ni asubuhi ya baridi, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada. Sensa ya oksijeni iliyokufa huleta hasara kama hiyo. Magari mawili yaliyotoka kiwanda kimoja wiki moja yanaweza kuachana kabisa kwa sababu ya vipuri viwili vidogo. (Na mara nyingine gari halina kosa: ni chupa ya kadhafi isiyofika lita.)

Serikali inaangalia nini katika haya yote? Nchini Kongo, kodi ya magari inayotokana na sheria ya tarehe 10 Februari 1969, ile ambayo watu huiita vinyeti, huyatoza magari ya mizigo kwa uzito na magari ya watu kwa makundi ya nguvu za farasi. Fielder ya haibridi na ya kawaida zinaweza kuangukia kundi moja, ingawa moja inakula mafuta mengi kuliko nyingine. Uganda mwaka 2018 ilichagua njia ya umri, ikazuia kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi. Umri ni kipimo rahisi kwa afisa wa mpakani, ila gari la miaka 14 lenye injini kubwa linapita huku dogo la miaka 16 likirudishwa. Mauritius mwaka 2011 ilifunga ushuru kwenye hewa chafu ambayo gari lilipimwa kiwandani kutoa kwa kila kilomita, jambo ambalo kwa gari la petroli ni sawa na kupima mafuta yenyewe: kila lita inayoungua hutoa kilo 2.3 hivi za kaboni dioksidi.

Njia ya Mauritius ndiyo yenye haki zaidi, lakini kuianza Ituri leo kungekuwa kuwatoza watu kwa magari mazito wanayoyahitaji kwa sababu ya barabara ambazo serikali haijazitengeneza. Kinachowezekana sasa ni kidogo zaidi: karatasi za forodha zionyeshe uzito wa gari, aina ya injini, magurudumu yanayovuta na kipimo cha kiwandani, na muuzaji alazimike kumwonyesha mnunuzi. Namba ya Japani haitafikiwa Bunia, ila mpangilio wa nani anakula zaidi ya nani kwa kawaida hubaki, mradi betri na sensa ni nzima. Anayenunua gari wiki hii asingoje sheria: amwombe makanika asiye wa muuzaji akague temostati, kisha yeye mwenyewe ajaze tangi, aendeshe, ajaze tena na kugawanya kilomita kwa lita kabla ya kutoa fedha.