Hesabu na Lugha ya Mtoto wa Bongwe

Mtoto akilemewa na hisabati, siku hizi wazazi huambiwa kwamba mtindo wake wa kujifunza haukuzingatiwa: huyu ni wa kutazama, yule wa kusikiliza, mwingine wa kushika kwa mikono. Nadharia hii yapendeza masikioni, ila ushahidi wake ni haba. Mwaka 2008, Harold Pashler na wenzake watatu waliyapitia maandiko yaliyokuwapo, wasione msingi wa kutosha wa kuwagawa wanafunzi kwa mafungu hayo. Walimu wetu wenye madarasa yaliyofurika wasitwishwe mzigo huo.

Mimi ni mtu wa isimu, nami nauona mzizi kwingine. Mtoto wa Kidigo hapa Bongwe hufika shuleni akiwa na mantiki ya hesabu tayari. Mtazameni barazani akicheza bao: mashimo 32, kete 64, naye hukadiria kete ya mwisho itaangukia wapi kabla hajatia mkono. Hupima njia mbili, akaiacha iliyo dhaifu. Kama hiyo si tafakuri tunduizi, sijui ni nini! Aidha, saa zake huanza kuhesabiwa mawio na machweo. Darasani huamriwa aandike 8 kwa saa mbili asubuhi, wala haonyeshwi kwamba tofauti ni sita daima, nalo ni somo zuri la kujumlisha.

Kisha, kuanzia darasa la nne, sera yataka afundishwe kwa Kiingereza. Hapo swali la hesabu hugeuka kwanza kuwa swali la sarufi. Sisi husema "kumi na mbili, toa tano", na tarakimu hufuata mpangilio uo huo. Kiingereza cha vitabuni hupenda kuitanguliza tano. Mwanafunzi aandikaye 5 − 12 hakukosa akili. Ameyafuata maneno yalivyopangwa.

Sisemi Kiingereza kitupwe. Mwalimu aachiwe kulijadili swali kwa Kiswahili au Kidigo, mwanafunzi aeleze kwa mdomo kwa nini ametoa wala hakujumlisha, ndipo aandike kwa lugha ya mtihani. Aprili 2025, Waziri wa Elimu, Bw. Julius Ogamba, alitangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima katika sekondari ya juu. Vyema. Lakini shule imvishayo mtoto kibao cha aibu kwa kusema lugha ya kwao humnyamazisha palepale anapoanza kufikiri, na kamati ya shule yaweza kukiondoa kibao hicho muhula ujao bila kungoja waraka kutoka Nairobi.