Miombo Huchipua Kabla ya Mvua

Pori la miombo linaloizunguka Tabora huanza kuvaa majani mapya miezi ya Septemba na Oktoba, wakati ardhi ingali kavu na majivu ya moto wa nyasi bado yapo chini ya miti. Mvua za Unyamwezi kwa kawaida huanza Novemba na kukoma Aprili. Majani hayo hayatoki yakiwa ya kijani. Hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, laini kiasi cha kupitisha mwanga wa jua, na kijani huja baadaye. Mti hautumii mvua ambayo haijanyesha. Hutumia maji uliyoyaweka akiba shinani na mizizini, pamoja na yale ambayo mizizi mirefu huyafuata chini sana.

Hapo pana somo la tumaini, tena gumu kuliko linavyohubiriwa mara nyingi. Wengi hudhani kuwa kutumaini ni kukaa kitako na kungoja neema ishuke. Mtundu, mmoja wa miti ya miombo, haukai hivyo. Muumini aliyezoea sala, Neno na ukarimu siku za shibe ndiye mwenye cha kutumia siku za ukame, na asiyeweka kitu mizizini asikilaumu kiangazi.

Mninga hufundisha jambo la pili. Mche wake hufa sehemu ya juu kila kiangazi, kwa ukame au kwa moto, na hali hiyo hurudi miaka kadhaa mfululizo. Anayeuona Agosti ataapa kuwa umekwisha. Lakini chini ya udongo mzizi unazidi kunenepa kila masika, hadi mwaka mmoja upate nguvu ya kusukuma shina linalokwenda juu kuupita moto wa nyasi. Ubao mwekundu ambao maseremala wa Tabora huusifu kwa milango na makabati ulianza kwa kushindwa hivyo mara nyingi. Mzazi mwenye kijana aliyepotoka, na mwinjilisti ambaye mtaa wake hauna hata darasa la ubatizo, wasikate shauri kwa kutazama majani peke yake.

Maandiko nayo yanakijua kisiki. Katika sura ya 14 ya kitabu chake, Ayubu anautaja mti uliokatwa ambao huchipuka tena ukipata maji. Wahubiri wengi huishia hapo, na hilo ni kosa, kwa kuwa Ayubu hakuusema mti huo kwa kujifariji. Alikuwa analalamika: mti una tumaini, bali mtu akifa, amelala. Pori, basi, halithibitishi ufufuo. Kisiki huchipuka kwa sababu mzizi ungali hai, ilhali Kristo alikuwa amekufa kweli. Maumbile humfikisha mtu mlangoni tu, na aliyeufungua mlango ni Mungu mwenyewe siku ya Pasaka. Anayechanganya mambo hayo mawili hupata imani inayonyauka mara pori linapoungua.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipenya mapori haya haya. Katika karne ya 19 ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Miembe ya Tabora na Ujiji, ambayo wenyeji huihesabu kuwa kumbukumbu ya misafara hiyo, bado inazaa, na mlaji wa embe ni nadra kuwakumbuka waliopita hapo shingo zao zikiwa kongwani. Lakini kusini mwa Ujiji, huko Karema kando ya Ziwa Tanganyika, Adrien Atiman alifika mwaka 1889. Alikuwa ametekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga Malta. Aliwatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Waliomuuza waliukata mti, lakini hawakuufikia mzizi.

Siku hizi adui wa kisiki ni mwingine. Tumbaku ya Urambo na Sikonge hukaushwa mabanini kwa kuni za miombo, na tanuri za mkaa hazipoi. Kukata peke yake hakuliui pori. Huliua kung'oa visiki, na moto wa kila mwaka unaoyakuta machipukizi yakiwa bado mafupi. Kaskazini mwa Tabora, mkoani Shinyanga, mpango wa kuhifadhi ardhi ulioitwa HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili, desturi yao ya kufunga maeneo ya malisho, na zaidi ya hekta 300,000 zikaota miti tena. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Iliachwa tu ichipuke.

Usharika au kigango chenye eneo la pori kinaweza kuanza mwaka huu. Barabara ya kuzuia moto ifyekwe mwezi wa Mei, nyasi zikiwa bado mbichi. Visiki viachwe ardhini. Kila kimoja kichaguliwe machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine yapunguzwe, na ng'ombe wazuiwe hadi ncha zipite midomo yao.