Saa Moja Iongoze Mitambo ya Sauti

Miksa ya kidijitali si kitu kigeni tena katika makanisa na kumbi za Kitui, Mwingi na Wote, na imekuja na kero yake: kwaya inaimba vizuri, ghafla spika zinatoa "tik", baada ya muda inasikika tena. Lawama zote huangukia waya, na kamati huombwa pesa za kununua mwingine wa bei kubwa. Pesa hizo zinapotea bure. Tik inayorudi kwa vipindi vinavyolingana inatuambia tuchunguze saa za vifaa kwanza. Sauti ya kidijitali ni namba ziitwazo sampuli, kwa kawaida 48,000 kila sekunde, na kila kifaa kina fuwele inayopiga mapigo ya kuzipima. Hakuna fuwele mbili zinazolingana kabisa. Zikipishana kwa sehemu 50 tu katika milioni, ibada ya dakika 60 itaacha ziada ya sampuli 8,640. Hazina pa kukaa, kwa hiyo mashine inazitupa, na tik ndiyo mlio wa kutupwa huko.

Wapo mafundi wanaosema dawa ni kuongeza bafa, yaani hifadhi ya muda ya sampuli, na hoja yao si ya kubezwa. Bafa hufanya kazi ya tangi: maji yakija kwa kusuasua, mtumiaji wa mfereji hajui. Mapigo yanapoyumba kidogo mbele na nyuma, inatosha kabisa. Ila maji yanayoingia yakizidi yanayotoka siku zote, tangi kubwa litachelewa kufurika, na litafurika tu. Tena bafa hula muda. Sampuli 480 ni milisekunde 10, sawa na kumsogezea mwanamuziki spika mita tatu na nusu mbali zaidi. Redio ya Musyi FM ikichelewa sekunde nzima hewani, msikilizaji wa Mutomo hapungukiwi na kitu. Lakini benga ya Kikamba, ile ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, ni magitaa yanayojibizana kwa kasi, na mpigaji anayejisikia kwa kuchelewa atapoteza mdundo jukwaani.

Wengine husema namba haichakai njiani, kwa hiyo saa haina maana. Kweli haichakai, na vipokezi vya leo huondoa sehemu kubwa ya kuyumba, ndiyo maana sioni haja ya waya wa kifahari. Namba sahihi, hata hivyo, lazima igeuzwe sauti kwa wakati wake, na hapo vifaa viwili vyenye saa mbili haviwezi kupatana. Tiba mara nyingi imo kwenye menyu: miksa iwe kiongozi, na vifaa vingine vifuate mapigo yake, ambayo waya wa kidijitali wa aina ya AES3 au S/PDIF huyabeba pamoja na sauti yenyewe. Kifaa kisichokubali kufuata kiunganishwe kwa waya wa analogia. Hatua zote mbili zijaribiwe kabla ya kamati kuitisha harambee.