KUMBUKUMBU YA MAREHEMU LUMUMBA

Marehemu Patrice Lumumba alikuwa karani wa Posta mjini Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, mwenzetu wa kalamu na mhuri, kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa Kongo mwaka 1960. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari, 1961, na maiti yake ikayeyushwa kwa tindikali ili asiwe na kaburi. Mwaka 1966 Mobutu, ambaye askari wake ndio waliomkamata, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa. Sifa rahisi hizo! Jino lake moja lilikaa Ubelgiji hata mwaka 2022, ndipo likazikwa Kinshasa. Kwa maoni yetu sanamu na majina ya barabara hayatoshi; yapasa watoto wa Kongo wafundishwe pia majina ya waliomkabidhi kwa adui zake.