MABROKA WA NYUMBA NA JASHO LA MFANYA KAZI



Katika toleo hili twataka kusema juu ya watu wanaojiita mawakala wa nyumba na ploti, ambao sisi huwaita mabroka. Siku hizi hakuna mwenzetu apataye kiinua mgongo au mkopo wa sako asiyefuatwa na mmoja wao kabla fedha haijapoa. Wanajua siku ya mshahara kuliko karani wa mishahara. Wanasimama karibu na lango la karakana, wanapiga simu, wana picha za nyumba za Ruiru na Kitengela, na kila mmoja husema ya kwamba ploti zimebaki mbili tu. Pita tena mwezi ujao, utaambiwa zimebaki mbili.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii. Walilala katika nyumba za reli, Muthurwa na Landi Mawe, na siku ya kustaafu walirudisha ufunguo wakapanda gari moshi kwenda kwao. Hatusemi ya kwamba ilikuwa raha. Walakini leo wengi wetu hatuna nyumba ya kazi wala shamba la kurudia, na mtu akitaka mahali pa kulaza kichwa uzeeni ni lazima anunue. Basi fedha ya miaka 25 ya kazi hupita mkononi mwa mtu mmoja kwa siku moja, na mtu huyo hatujui ofisi yake wala kwao.

Tuanze na fedha ya kuonyeshwa nyumba. Nani aliileta desturi hii? Karani wa steshini hamtozi abiria shilingi 1,000 za kumwonyesha treni iliko. Abiria hulipa nauli, basi. Lakini broka hutaka kulipwa kwa kutembea hatua mia mbili na kufungua mlango. Mwenzetu mmoja, fundi wa mabehewa, alilipa mara tano kwa Jumamosi mbili, na katika nyumba hizo tano mbili zilikuwa zimekwisha kuuzwa zamani, na moja mwenyewe hakuwa na habari ya kwamba inauzwa. Fedha hiyo haikurudi. Broka wa namna hii hana haja ya kuuza nyumba yo yote, maana biashara yake ni kuonyesha.

Tena mjue jambo hili sana. Wakala hutumwa na mwenye kuuza, na mwenye kuuza ndiye amlipaye. Mara nyingi ada yake ni kama shilingi 3 kwa kila mia ya bei. Nyumba ya shilingi 4,000,000 humpa 120,000, na hiyo hutoka katika fedha ya mwuzaji. Mnunuzi hadaiwi kitu na wakala asiyemtuma yeye. Akikuambia, "Na wewe nitolee ya kwako," anakula sahani mbili kwa njaa moja. Kama wewe mwenyewe umemtuma akutafutie, hiyo ni kazi nyingine, na mwandikiane kabla ya kuanza, kiasi gani na kwa kazi gani.

Lakini wizi mkubwa ni kile kinachoitwa "cha juu". Mwenye nyumba asema 3,500,000. Broka hukuambia 4,000,000, naye hufanya kila njia usimwone mwenye nyumba. Yuko safari, ni mgonjwa, hapendi kusumbuliwa. Mwisho wa habari 500,000 zimeingia mfukoni mwa mtu ambaye hakuchimba msingi wala hakupiga lipu. Wala hasara haiishii hapo. Ushuru wa stempu wa mjini ukihesabiwa kwa bei hiyo iliyoandikwa, Serikali nayo huchukua 20,000 zaidi juu ya hicho cha juu. Na kama ulikopa sako kwa riba ya shilingi 1 kwa mia kila mwezi, mwezi wa kwanza peke yake umelipa 5,000 kwa ajili ya uwongo wa broka.

Wale waliosoma shule za misheni watakumbuka habari ya Ibrahimu aliponunua pango la Makpela apate kumzika Sara. Bei ilitoka kinywani mwa Efroni mwenyewe, shekeli 400 za fedha, mbele ya watu wote langoni pa mji, na fedha ikapimwa wakiisikia hesabu yake, na shamba likatajwa pamoja na miti iliyo mpakani. Hakuna mtu aliyesimama katikati akinong'ona huku bei moja na huku nyingine. Nasi hatutaki zaidi ya hayo. Mwuzaji aonekane, bei itoke kwake, mashahidi wawepo.

Sasa fedha za haki ni zipi? Mtu asije akafikiri ya kwamba bei ya nyumba ndiyo mwisho. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 katika miji na asilimia 2 mashambani, nao huhesabiwa kwa thamani anayokadiria mtu wa Serikali, na hulipwa kwa Serikali, si kwa kupitisha mkononi mwa broka. Wakili wa mnunuzi ana kipimo chake cha mwaka 2014, ambacho kwa bei isiyozidi milioni 5 ni asilimia 2, na juu ya ada hiyo kuna kodi ya asilimia 16. Basi kwa nyumba ya mjini ya 4,000,000, weka 160,000 za stempu, 80,000 za wakili na 12,800 za kodi yake, jumla 252,800. Kuna na ada ndogo za ofisi ya ardhi, na ukichukua mkopo wa benki utaambiwa ulipe wakili wa benki pia. Hatuzipendi fedha hizi, lakini zina sheria na zina risiti. Mwenye kusahau kuziweka kando hujikuta ana nyumba isiyo na hati, akienda tena kwa broka "amsaidie".

Na wakili awe wako. Broka atakuambia, "Tuna wakili wetu, ni rahisi, wote mtatumia huyo." Katika reli mtu mmoja hawi dereva wa treni mbili zinazokutana. Arbuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, iwekwe kwa mawakili kwa maandishi hadi kazi iishe, isitumwe kwa simu ya broka usiku kwa sababu "kuna mtu mwingine anaitaka."

Kuhusu hati twaomba msomaji asikimbie, maana hapa ndipo watu walipolia. Novemba 2011 nyumba za Syokimau zilibomolewa, ikisemwa ya kwamba ardhi ni ya uwanja wa ndege. Oktoba 2023 zikabomolewa nyingine huko Mavoko, katika ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya simiti ya East African Portland. Waliovunjiwa si wezi. Walikuwa watu waliouziwa, wakalipa, wakajenga, wakalala humo na watoto wao. Na Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, ilisema wazi ya kwamba kushika hati peke yake hakutoshi, ni lazima mtu aweze kuonyesha jinsi ardhi ilivyotoka ilikotoka mpaka kufika kwake, hatua kwa hatua, kwa njia ya sheria. Kwa hiyo broka akipeperusha karatasi yenye muhuri usitetemeke. Wakili wako afanye sachi yeye mwenyewe katika ofisi ya ardhi, aulize ardhi ilikuwa ya nani kabla ya huyu, na kabla ya yule. Mpima ardhi aende akaonyeshe bikoni. Ikiwa ni shamba la kilimo, lazima idhini ya Bodi ya Ardhi, kwa sheria ya 1967. Ikiwa mwuzaji ana mke au mume na ni nyumba ya familia, basi idhini ya huyo nayo iwe kwa maandishi. Kazi hii yote huchukua majuma. Broka asiyeweza kungoja majuma ana sababu yake.

Watu wengine husema, "Broka naye ni mtu, ana watoto." Ni kweli. Tena yuko wakala mwema: ajua bei za mtaa, akukutanisha na mwenye mali, akuambia ukuta huu una maji, atoa risiti, hukasiriki ukimwona baadaye. Huyo apate haki yake yote kwa aliyemtuma. Lakini tangu mwaka 1984 kuna sheria ya Kenya inayokataza mtu kufanya kazi hii bila kuandikishwa, na kuna Bodi ya kuandikisha mawakala yenye orodha ya majina. Dereva wetu asipokuwa na cheti hagusi injini. Kwa nini mtu asiye na cheti aguse fedha ya dereva?

Na nyumba za bei nafuu, ambazo kila mfanya kazi amekatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili yake kwa sheria ya Machi 2024, huombwa kwa Boma Yangu moja kwa moja. Anayekuambia umpe "ya chai" akupitishe mbele ya foleni anauza kitu ambacho si chake.

Twaleta basi mambo matatu katika mkutano wa tawi. Sako isiandike hundi ya mkopo wa nyumba kwa jina la broka ye yote, ila kwa akaunti ya wakili wa mwanachama. Chama kitafute mawakili wawili au watatu watakaosoma mikataba ya wanachama kwa bei tuliyopatana mapema. Na kila mwanachama aliyetozwa fedha ya kuonyeshwa nyumba alete tarehe, kiasi na namba ya simu kwa katibu wa tawi, ili chama kiipelekee Bodi barua moja yenye majina mengi badala ya manung'uniko ya mtu mmoja mmoja kantini.

Sisi wafanya kazi wa karakana.